Daftari Kabla ya Lango: Kisa cha Shirika la Vijana Linalohamia Mtandaoni

Shirika linalochambuliwa hapa ni la mfano, na takwimu zake ni za mfano pia: nimelijenga kwa kukusanya mahali pamoja mambo yanayojitokeza tena na tena pale chama cha kujitolea kinapoacha madaftari yake na kuhamia kwenye mfumo wa wanachama wa mtandaoni. Lilikuwa na matawi 14, wanachama wenye umri wa miaka 8 hadi 25, viongozi wa kujitolea waliokutana na vijana mara moja kwa wiki, na ofisi kuu yenye waajiriwa wawili tu. Kamati kuu ilikuwa imekwisha kutia saini mkataba na mtoa huduma, na kwa mkataba huo kila mwanachama, au mzazi wake, angepata akaunti, aone taarifa zake, azirekebishe, alipe ada na kujiandikisha kwa kambi na mafunzo bila kupitia kwa katibu wa tawi. Lango hilo lilipangwa kufunguliwa siku ya mkutano mkuu wa mwaka, wiki 12 baada ya saini.

Mpango wa maandalizi ulitosha kwenye ukurasa mmoja. Matawi yatume orodha zao, ofisi kuu iziunganishe, mtoa huduma azipakie, kisha wanachama watumiwe mialiko. Kazi ya orodha ilipewa wiki mbili. Wiki kumi zilizobaki ziligawanywa kati ya nembo, rangi, picha za ukurasa wa mbele, mafunzo ya viongozi na sherehe ya uzinduzi. Sina ugomvi na sherehe. Ila mgawanyo huo ulikuwa kichwa chini miguu juu, kwa sababu ulichukulia kwamba shirika linawajua wanachama wake na kwamba kilichobaki ni kuwaingiza kwenye kompyuta. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakusema cha kufanya pale madaftari yanapokuwa kumi na manne na kila moja lina habari yake.

Nani hasa ni mwanachama

Faili za matawi zilipounganishwa zilitoa mistari 2,312. Katibu mkuu akatangaza kikaoni kwamba shirika lina wanachama zaidi ya 2,300, na mweka hazina akauliza imekuwaje basi ada za mwaka huo zimetoka kwa watu wasiofika 1,400. Wote wawili walisema kweli, kila mmoja kwa daftari lake. Tawi moja lilihesabu kila aliyewahi kujaza fomu, hata aliyehama miaka mitano iliyopita. Jingine lilihesabu waliolipa peke yao. La tatu lilikuwa limewasamehe wengi ada kimyakimya, kwa nia njema, na likawahesabu wanaohudhuria. Madaftari ya karatasi yanaweza kuishi na tofauti hizo kwa miaka mingi kwa sababu hakuna anayeyafungua mawili kwa wakati mmoja. Mfumo hauwezi. Una kisanduku kimoja cha hali ya uanachama, na kilichoandikwa humo ndicho kinachoamua nani apelekewe mwaliko, nani akumbushwe ada, nani apige kura na nani awemo katika orodha ya bima wakati wa kambi.

Kamati ilidhani suala hilo ni la maneno na lingekwisha kwa kuandika fasili moja. Haikuwa hivyo, kwa sababu nyuma ya fasili kulikuwa na viti. Katiba ya shirika ilitoa mjumbe mmoja wa mkutano mkuu kwa kila wanachama 50 wa tawi. Tawi lililotuma mistari 310 lilikuwa na wajumbe sita. Baada ya kusafishwa kwa orodha, wanachama wake hai walionekana kuwa 140, yaani wajumbe wawili. Ukiwa katibu wa tawi hilo, nawe ukaombwa usafishe orodha yako kwa hiari kabla ya mkutano unaochagua viongozi, utaisafisha kwa kasi gani? Matawi matatu makubwa yalikaa kimya wiki mbili nzima, na ofisi kuu ikaandika kwenye taarifa yake kwamba makatibu hao hawajui kutumia kompyuta. Walijua vizuri sana.

Kilichofungua njia ni uamuzi wa kutenganisha mambo mawili yaliyokuwa yamefungwa pamoja. Kamati ilitangaza kwa maandishi kwamba idadi ya wajumbe wa mkutano wa mwaka huo ingefuata hesabu za mwaka uliopita, bila kujali orodha mpya ingesema nini, na kwamba hesabu mpya ingeanza kutumika kwenye mkutano unaofuata. Faili zilizokwama zikafika ndani ya siku nne. Kwa maoni yangu huu ndio ulikuwa uamuzi bora kuliko yote katika maandalizi hayo, na haukuhusu teknolojia hata kidogo.

Fasili yenyewe iliandikwa baadaye, na ilikuwa fupi. Mwanachama hai ni aliyelipa ada ya mwaka au aliyesamehewa kwa uamuzi wa kamati ya tawi wenye tarehe na saini mbili. Aliyewahi kuwa hai lakini hana sifa hizo ameitwa mwanachama aliyesimama, na anaweza kurudi bila kujaza fomu upya. Wale waliosamehewa kimyakimya hawakutupwa. Tawi lao lilikaa kikao kimoja, likapitia majina na kuandika uamuzi ambao lilipaswa kuuandika tangu zamani.

Mstari mmoja kwa karibu

Ili kuona kilichokuwa ndani ya faili hizo, tuchukue mstari mmoja. Namba ya uanachama ilisomeka 482. Jina la ukoo lilianza na herufi Ng zikifuatwa na alama za ajabu, â€™. Tarehe ya kuzaliwa iliandikwa 03/04/2011. Namba ya simu ya mzazi ilikuwa pungufu kwa tarakimu moja. Hakuna katibu aliyekosea kuandika. Daftari la tawi lilikuwa sahihi, na kila kosa liliingia faili ilipopita mikononi mwa programu ya majedwali.

Namba ya uanachama kwenye daftari ilikuwa 00482. Programu kama Excel ikipewa tarakimu tupu huzichukua kuwa hesabu, na katika hesabu sifuri za mwanzo hazina thamani, kwa hiyo huziondoa bila kuuliza. Simu nayo ilipoteza sifuri yake kwa njia hiyohiyo. Namba ndefu zaidi ya tarakimu 15 zina hatari kubwa kuliko hiyo, maana tarakimu zinazofuata ile ya kumi na tano hugeuzwa sifuri na hazirudi tena hata ukibadilisha mpangilio wa safu. Balaa la 482 ni kwamba tawi jingine lilikuwa linatoa namba zake bila sifuri, nalo lilikuwa na mwanachama mwenye namba 482 halisi. Katika faili iliyounganishwa watoto hao wawili wa matawi mawili wakawa mtu mmoja mwenye majina mawili. Safu za namba zinapaswa kutangazwa kuwa maandishi kabla faili haijafunguliwa, na simu ziandikwe kwa mtindo wa kimataifa unaoanza na alama ya kujumlisha na msimbo wa nchi, ambao kwa kanuni hauzidi tarakimu 15.

Zile alama za ajabu zilikuwa kivuli cha king'ong'o, ile alama ya juu inayoandikwa katika ng'. Simu na kompyuta nyingi hugeuza ile alama ya juu iliyonyooka kuwa iliyopinda. Faili ikihifadhiwa kwa usimbaji (namna kompyuta inavyoandika herufi kwa namba) wa UTF-8, ambao umekuwapo tangu 1992, kisha ikafunguliwa na programu inayodhani ni usimbaji wa zamani wa Windows, alama moja hugeuka kuwa tatu. Hili linaonekana dogo mpaka mtoto afike kambini na jina lake lisipatikane kwenye orodha kwa sababu kiongozi anatafuta Ng' na mfumo unajua Ngâ€™.

Tarehe ndiyo iliyonifanya nisimame kwa muda mrefu zaidi. Je, 03/04/2011 ni tarehe tatu Aprili au tarehe nne Machi? Tawi liliandika siku kwanza; kompyuta ya ofisi kuu ilikuwa imewekwa kwa mpangilio wa Kimarekani, unaotanguliza mwezi. Matokeo yake ni kosa lenye alama yake ya kulitambua: tarehe ambazo siku yake haizidi 12 zilikubaliwa na kugeuzwa bila kelele, na zile zenye siku ya 13 hadi 31 zilikataliwa zikabaki kama maandishi. Yeyote atakayekuta safu ambamo kila tarehe iliyotambuliwa na kompyuta ina siku isiyozidi 12 ajue kwamba tarehe hizo zimepinduliwa, asihangaike kuzirekebisha moja moja, bali arudi kwenye faili ya awali. Shirika likaamua kwamba kuanzia hapo tarehe zote ziandikwe kwa mtindo wa kiwango cha ISO 8601, mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku: 2011-04-03. Viongozi waliona mtindo huo hauvutii, na ni kweli hauvutii, lakini hausomeki kwa namna mbili. Katika shirika linalopanga vikundi kwa umri na kuomba ridhaa ya mzazi kwa umri, tarehe ya kuzaliwa ndiyo safu isiyostahili kukisiwa.

Kisha yakaja majina yaliyojirudia. Mwajiriwa mmoja wa ofisi kuu, kwa bidii yake, aliiagiza kompyuta itafute mistari yenye jina la ukoo, tarehe ya kuzaliwa na simu ya mzazi zinazofanana, akafuta mmoja katika kila jozi. Mantiki yake haikuwa mbaya. Ila mapacha wana jina la ukoo moja, tarehe moja na mzazi mmoja, na jozi tatu za mapacha zikapoteza nusu yake. Waligunduliwa na katibu wa tawi aliyewajua kwa sura. Tangu hapo kanuni ikawa kwamba ofisi kuu inaweza kutilia shaka mstari wowote lakini haiwezi kuufuta. Shaka huandikwa kwenye safu ya maelezo, na tawi ndilo hujibu. Faili za awali zilihifadhiwa kama zilivyofika, bila kuguswa. Usafishaji ulichukua wiki tano badala ya mbili, ukaondoa mistari 187 iliyojirudia kweli, na kuacha watu 2,125: hai 1,340, waliosimama 724, na 61 ambao hakuna tawi lililoweza kusema kama wapo.

Mzazi mmoja, watoto watatu

Mtoa huduma alikuwa amejenga mfumo wake juu ya dhana moja inayofaa vyama vya watu wazima: mtu mmoja, anwani moja ya barua pepe, akaunti moja. Faili ya kwanza ilipopakiwa kwa majaribio, mfumo ulikataa mamia ya mistari kwa ujumbe kwamba anwani hiyo imekwisha kutumika. Sababu haikuwa makosa. Mama mwenye watoto watatu kwenye shirika alikuwa ameandika anwani yake mara tatu, kama alivyoombwa.

Viongozi wa matawi walipoambiwa kwamba kila mwanachama lazima awe na anwani yake, walifanya kile ambacho watu wenye haraka hufanya. Wengine waliwafungulia watoto wa miaka tisa anwani mpya ambazo hakuna mtu angezisoma tena. Kiongozi mmoja aliandika anwani yake mwenyewe kwa watoto wote wa kikundi chake, akiongeza alama ya kujumlisha na namba tofauti kabla ya alama ya @, ili mfumo usikatae na barua bado zimfikie yeye. Alikuwa na nia ya kusaidia, lakini matokeo yake ni kwamba mtu mzima mmoja ambaye si mzazi angepokea viungo vya kubadilisha nywila za watoto hao wote, angesoma ujumbe wao na kuweza kutoa ridhaa kwa jina la wazazi wao. Shirika lenye sera ya ulinzi wa mtoto haliwezi kuruhusu jambo hilo hata kwa wiki moja, awe kiongozi huyo mwaminifu kiasi gani.

Tiba ilikuwa kutenganisha kumbukumbu ya mwanachama na akaunti ya kuingilia. Mtoto ana kumbukumbu yake. Mzazi au mlezi ana akaunti. Akaunti moja inaweza kushika kumbukumbu kadhaa, na kumbukumbu moja inaweza kushikwa na walezi wawili. Mtoa huduma alikuwa na uwezo huo kwenye mfumo wake, lakini ulihitaji kuwashwa kabla ya data kupakiwa, na hakuna aliyekuwa ameuliza. Nawashauri wanaoandaa mkataba wa namna hii waulize jambo hilo kabla ya kuuliza bei.

Likabaki swali la umri. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unamtambua mtoto kuwa mtu wa chini ya miaka 18, isipokuwa pale sheria inayomhusu inapompa utu uzima mapema, na ibara yake ya 16 inalinda faragha yake. Lakini umri ambao kijana anaweza kukubali mwenyewe data zake zitumiwe na huduma ya mtandaoni hutofautiana: kanuni ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa data, iliyoanza kutumika Mei 2018, imeuweka kwenye miaka 16 na kuziruhusu nchi wanachama kuushusha, ila si chini ya 13, na sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inataka ridhaa ya mzazi kwa walio chini ya miaka 13. Shirika lilichagua ngazi tatu zilizo ndani ya sheria iliyolihusu. Walio chini ya miaka 13 hawana akaunti kabisa. Wenye miaka 13 hadi 17 wanaweza kuwa na akaunti ya kuona ratiba na kujiandikisha, lakini ridhaa na taarifa za afya hubaki kwa mzazi. Anayetimiza miaka 18 hukabidhiwa kumbukumbu yake, na mzazi huacha kuiona.

Ngazi hiyo ya mwisho ilizua manung'uniko kuliko zote. Wazazi kadhaa walishangaa kwamba siku ya kuzaliwa ya kijana wao ingefunga mlango wao, na mmoja aliuliza kama atakayeendelea kulipa ada si yeye. Kamati ilisimama pale pale, ikakubali jambo moja tu: taarifa ya mabadiliko itumwe kwa wote wawili siku 60 kabla, ili mzazi asishtukizwe na kijana awe na muda wa kuweka anwani na simu yake mwenyewe.

Kuhusu wazazi waliotengana, kamati ilichukua muda kidogo na uamuzi wake ulikuwa mzuri: anwani ya nyumbani na simu ya mlezi mmoja hazionekani kwenye akaunti ya mlezi mwingine, hata kama wote wanamshika mtoto yuleyule. Mfumo ulikuwa unazionyesha kwa kawaida, kwa ukarimu wa watu waliofikiria familia moja chini ya paa moja.

Kipi kiingie, nani akione

Fomu za zamani ziliuliza kazi ya baba, dini, shule, kabila, magonjwa, na saizi ya fulana. Pendekezo la kwanza lilikuwa kupakia kila kitu kwa kuwa kipo. Katibu msaidizi alipendekeza kinyume chake, kwamba kila safu itetewe: nani ataitumia, kwa kazi gani, na kwa muda gani. Kazi ya baba haikupata mtetezi. Kabila halikupata. Dini ilitetewa kwa ajili ya chakula cha kambini, na ikaonekana kwamba swali halisi ni chakula asichokula mtoto, ambalo huulizwa kwa kambi husika na kufutwa kambi ikiisha. Fulana ilipita bila mjadala.

Taarifa za afya zilipita kwa masharti. Kiongozi wa kikundi huona za vijana wa kikundi chake peke yao. Kiongozi wa kambi huona za waliojiandikisha kambi hiyo, tangu siku saba kabla hadi siku saba baada yake. Mweka hazina huona ada na haoni pumu ya mtu. Ruhusa zilitolewa kwa cheo na si kwa jina, ili anayeachia cheo apoteze ruhusa siku hiyohiyo. Jambo ambalo mfumo haukuweza kulitatua ni nakala zilizokwisha kusambaa: kwa miaka kadhaa orodha zenye magonjwa ya watoto zilikuwa zikipitishwa kwenye makundi ya WhatsApp ya viongozi, na zilibaki kwenye simu za watu, wengine wakiwa wameshaondoka kwenye shirika. Kila kiongozi aliombwa azifute na kuthibitisha kwa maandishi. Hakuna njia ya kuhakiki uthibitisho huo, lakini kutouomba kungekuwa vibaya zaidi.

Tawi la majaribio

Mtoa huduma alipendekeza majaribio yafanyike kwenye tawi lililo karibu na ofisi kuu, lenye viongozi wanaopenda kompyuta. Kamati ikachagua tawi la kati: katibu mwenye bidii ya kawaida, wazazi ambao wengine hutumia simu zisizo na intaneti, wanachama 96. Ningechagua hivyohivyo. Majaribio yanayofanyika kwa walio tayari huthibitisha tu kwamba walio tayari wako tayari.

Mialiko ilitumwa Ijumaa jioni kwa barua pepe. Mingi iliishia kwenye folda ya barua taka kwa sababu ilitoka kwenye kikoa (jina linalofuata alama ya @) cha mtoa huduma huku ikijitambulisha kwa jina la shirika, na rekodi za uthibitisho wa kikoa hazikuwa zimewekwa. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti ya uthibitisho huo, makali zaidi kwa wanaotuma barua kwa wingi. Iliyofika ilikuwa na kiungo kinachokufa baada ya saa 24. Wazazi waliofungua barua zao Jumapili walikuta kiungo kimekwisha muda, wakahitimisha kwamba mfumo ni mbovu, na hitimisho hilo lilisambaa haraka kuliko mwaliko. Muda wa kiungo ulirefushwa hadi siku saba, rekodi za kikoa zikawekwa, na ujumbe mfupi wa simu ukatangulia barua kwa siku moja ukisema tu: kesho utapokea barua kutoka kwetu, katibu wako anaijua. Kanuni ya kubadilisha nywila kila siku 90, aliyoiweka mtoa huduma, ilifutwa. Mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, tangu 2017 unapinga ubadilishaji wa lazima usio na sababu, kwa kuwa huwafanya watu wachague nywila dhaifu au waziandike ukutani.

Tukio lililobadilisha maandalizi zaidi ya mengine lilionekana kwenye kumbukumbu za mfumo. Akaunti ya mzazi ilifunguliwa saa nne usiku. Dakika mbili baadaye ridhaa ya safari ya siku tatu ikatolewa. Na asubuhi mzazi akampigia katibu kuuliza safari gani hiyo. Mwanawe wa miaka 14 alikuwa ameombwa amsaidie kufungua akaunti, akaifungua, na kwa kuwa simu ilikuwa mikononi mwake, akajipa ruhusa. Si rahisi kumlaumu kijana huyo. Mafunzo yote ya shirika yalikuwa yamesisitiza kwamba vijana wawasaidie wazazi, na bango la uzinduzi lilisema hivyo kwa herufi kubwa.

Bango lilibadilishwa. Badala yake kila tawi lilifanya kikao kimoja cha wazazi, wakati ambao vijana wako kwenye shughuli zao upande wa pili, na mzazi akafungua akaunti kwa mkono wake mwenyewe akiwa na mtu mzima wa kumwelekeza, ambaye hakuruhusiwa kuishika simu hiyo. Ridhaa za kulala nje ya nyumbani na za matibabu ziliwekewa hatua ya pili: kiongozi humpigia mzazi na kuandika tarehe na saa ya mazungumzo. Mtoa huduma alisema hatua hiyo inarudisha shirika nyuma. Katibu mkuu alimjibu kwamba ridhaa isiyokuwa na mzazi ndani yake si ridhaa. Mzazi asiye na simu janja hujaza karatasi, tawi huiingiza kwenye mfumo kwa cheo chake na si kwa akaunti ya mzazi, na karatasi huhifadhiwa.

Siku ya kufungua

Wiki ya tisa kamati ilikubali kile ambacho kingeweza kuonekana wiki ya tatu, kwamba mfumo mzima hautakuwa tayari kwa mkutano mkuu. Palikuwa na shinikizo la kufungua hivyohivyo kwa kuwa mialiko ya sherehe ilikuwa imetoka. Walichofanya ni kufungua nusu. Siku ya mkutano wanachama waliweza kuingia, kuona taarifa zao na kuomba marekebisho, ambayo katibu wa tawi aliyaidhinisha kabla hayajaingia. Malipo ya ada yalisogezwa hadi mwanzo wa mwaka mpya wa hesabu, ili mweka hazina asilazimike kulinganisha stakabadhi za karatasi na za mfumo ndani ya mwaka mmoja.

Kipindi cha kuendesha madaftari mawili kiliwekewa mwisho wake mapema, miezi mitatu, na kanuni moja: hadi tarehe hiyo, vikitofautiana, daftari la tawi ndilo lenye neno la mwisho, baada ya hapo, mfumo. Kamati ilibishana kama kanuni hiyo inahitajika. Wiki mbili tu baada ya uzinduzi tawi moja lilikuwa na mtoto aliyehamia kikundi kingine kwenye daftari na asiyehama kwenye mfumo, na viongozi wawili kila mmoja akidhani yuko kwa mwenzake. Waliangalia kanuni, wakamaliza jambo hilo kwa simu moja.

Miezi mitatu ilipoisha, kumbukumbu 1,118 kati ya 1,340 za wanachama hai zilikuwa zimeunganishwa na mtu anayeingia mwenyewe; waliosalia waliendelea kuhudumiwa kwa karatasi kupitia tawi. Kila katibu alipiga mstari chini ya jina la mwisho kwenye daftari lake, akaandika tarehe, akatia saini pamoja na mweka hazina wa tawi. Ile mistari 61 isiyokuwa na mwenyewe haikupakiwa. Iliwekwa kwenye faili ya pembeni yenye tarehe ya kufutwa mwaka mmoja mbele, na nakala yake ikabandikwa, kwa majina tu bila simu wala umri, ndani ya jalada la kila kamati ya tawi. Hadi kikao kilichofuata, majina tisa yalikuwa yametambuliwa. Mawili kati yao yalikuwa ya viongozi waliokuwa wamekaa kwenye kikao hichohicho.